Mtoto wa Marehemu: Maneno ya Masharti ya Ufadhili wa Masomo Tangu Msiba wa Agosti 1998

Makusudi ya makala haya ni kueleza habari za maneno machache tu ya Kiswahili, nayo ni mtoto, yatima, mhanga, mtegemezi na raia. Maneno haya kila mtu ayajua, wala hapana mwalimu wa lugha angeona haja ya kuyafafanua darasani. Lakini tangu mwaka 1998 ndiyo yaliyokaa katika karatasi za masharti, yakiamua ni nani asomeshwe kwa fedha zilizotolewa kwa ajili ya waliouawa na magaidi, na ni nani arudi nyumbani. Habari za mashambulio yenyewe zimekwisha kuandikwa na wanasheria na wanahistoria. Habari za maneno, kwa kadiri nionavyo, zimeachiwa makarani, na mtu wa lugha anayo sababu ya kuzitazama.

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi ikiwa imepita kidogo, mabomu mawili yaliyopakiwa katika magari yalilipuka kwa kupishana dakika chache tu. La kwanza lilikuwa Nairobi, karibu na barabara ya Haile Selassie. La pili lilikuwa mbele ya Ubalozi wa Marekani uliokuwa katika Barabara ya Laibon, Oysterbay, Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, miongoni mwao Wamarekani 12. Dar es Salaam walikufa watu 11, wala katika hao hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Gari la bomu la Dar es Salaam lilikuta gari la maji la Ubalozi limesimama langoni, likashindwa kupenya. Kwa hiyo waliokufa walikuwa hasa watu wa langoni, yaani walinzi na watu wa gari lile la maji. Walinzi hao walikuwa watu wa kampuni ya ulinzi iliyopewa kazi kwa mkataba, si waajiriwa wa Ubalozi wenyewe. Namwomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana tutalirudia.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, tukikaa Manzese. Mshindo ulipofika kwetu tulidhani ni tairi la lori lililopasuka Barabara ya Morogoro, na mtu mmoja akatania kwamba Nane Nane imeanza siku moja kabla. Oysterbay na Manzese zilikuwa wakati ule katika wilaya moja ya Kinondoni, kabla Wilaya ya Ubungo haijakatwa. Lakini umbali kati yao haupimwi kwa maili. Oysterbay ndiko kuliko na nyumba za mabalozi na miti ya kivuli. Manzese, Tandale, Buguruni na Temeke ndiko watokako wenye kulinda malango yale, kumwagia maji bustani zile na kufua nguo za wenyeji wake.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Kiswahili cha leo kina maneno mawili makubwa ya fedha za kumsomesha mtu: ufadhili na udhamini. Magazeti huyachanganya kana kwamba ni mamoja, lakini asili zake ni mbali. Ufadhili watokana na fadhila, na mwenye kutoa fadhila hadaiwi: akitoa, ashukuriwe, asipotoa, hakuvunja ahadi. Udhamini watokana na dhamana, nayo hufunga. Mdhamini aweza kuitwa mbele ya kadhi au hakimu akaulizwa. Neno la tatu ni fidia, ambalo halina shukrani ndani yake kabisa, kwa kuwa ni malipo ya kilichopotea. Sasa, masomo ya mtoto wa aliyeuawa kwa bomu ni lipi katika haya matatu? Masharti yote ya kustahili hutegemea jibu la swali hili. Ikiwa ni fadhila, mtoaji aweza kuchagua amtakaye. Ikiwa ni fidia, hawezi kumwacha hata mmoja aliyepoteza. Karatasi nyingi nilizozisoma huanza kwa lugha ya fidia, zikitaja machungu na hasara, kisha zikifika kwenye masharti zageuka kuwa lugha ya fadhila.

Jambo hili halikuanza Afrika Mashariki. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am, safari namba 103, ililipuliwa juu ya mji mdogo wa Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270, miongoni mwao wanafunzi 35 wa Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani waliokuwa wakirejea kwao. Chuo hicho kikaweka ufadhili wa wanafunzi 35 kila mwaka, idadi ile ile ya waliokufa; tena kila mwaka vijana wawili wa Lockerbie hupelekwa kusoma Syracuse. Mwenye kupewa ufadhili huu si lazima awe ndugu wa aliyekufa. Huchaguliwa kwa elimu yake na kwa utumishi wake, naye hutakiwa kuwakumbuka wale 35 na kuwafanya wengine wawakumbuke. Hapo marehemu walikuwa vijana wasio na watoto, na waliofiwa walikuwa wazazi. Kumtafuta mtoto wa marehemu kungekuwa kutafuta kisichokuwapo.

Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 ukaanzishwa Marekani mfuko uitwao Families of Freedom, nao ukashika njia nyingine. Huu huwasomesha watoto na wenzi wa ndoa wa waliouawa au kulemazwa siku ile, pamoja na wa wale waliokwenda kuokoa, nao huangalia kwamba mwombaji alikuwa akitegemea mapato ya aliyepatwa. Chuo cha Syracuse chauliza nani atakumbuka; mfuko wa mwaka 2001 wauliza nani alikuwa akilishwa. Maswali haya mawili hayafanani, na anayeandika masharti bila kujua anauliza lipi kati yake ataishia kuwaumiza watu.

Garissa yatupa mfano wa karibu. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, na 142 katika hao walikuwa wanafunzi. Wanafunzi waliopona wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kuendelea na masomo. Hapa tena waliokufa ni wale wale waliokuwa wakisomeshwa, mara nyingi kwa ng'ombe au shamba la wazee lililouzwa. Ukichukua sharti la mwaka 2001 na kuuliza ni nani aliyekuwa akimtegemea marehemu kwa chakula, utajibiwa kwamba hakuna. Ukiuliza ni nani aliyekuwa akitegemea kwamba marehemu atapata kazi na kumsomesha mdogo wake, utajibiwa na ukoo mzima. Kiswahili kina tofauti nzuri hapa kati ya anayetegemea kitu kilichopo na anayetarajia kijacho, lakini masharti ya fedha hupenda kitendo kilichokwisha kutendeka, wala hayapendi tarajio.

Turudi sasa kwa waliopatwa mwaka 1998, na neno la kuwaitia. Wakati wa msiba ule redio na magazeti yalikuwa na maneno majeruhi na marehemu, ambayo hayana utata. Neno waathirika lilikuwa limekwisha kushikwa na habari za Ukimwi, hata katika mitaa yetu mtu akiitwa mwathirika watu walinong'ona. Nalo neno mhanga lilikuwa likipanda. Katika kamusi mhanga ni mnyama wa usiku, mchimba mashimo na mla mchwa; tena mhanga ni mtu anayetolewa au kujitoa kwa ajili ya wengine, ndipo tukasema kujitoa mhanga. Katika maana hii ya pili mna hiari, au walau mna sadaka. Mlinzi wa lango la Laibon hakujitoa, alikuwa kazini. Hata hivyo akaitwa mhanga wa ugaidi, na katika miaka ile ile waandishi wakamwita mwuaji mwenye kujilipua "mlipuaji wa kujitoa mhanga". Hivyo neno moja likawabeba aliyeuawa na aliyemwua. Mimi binafsi napendelea kusema waliopatwa, ingawa najua ni neno refu na haliingii vizuri katika kichwa cha habari. Gaidi naye ana safari yake: zamani alikuwa mnyang'anyi wa njiani na porini, na sasa, hasa tangu Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, amekuwa mtu wa mahakama na mikataba ya mataifa.

Neno raia ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote, ingawa kwa kimya. Asili yake ya Kiarabu ni wachungwao, watu walio chini ya mtawala. Katika Kiswahili lina maana mbili ziishizo pamoja: raia wa nchi fulani, na raia asiye askari. Bunge la Marekani lilipotoa fedha za kusaidia Kenya na Tanzania baada ya milipuko, na sehemu ya fedha hizo ikatumika Kenya kulipia ada za shule za watoto wa waliokufa, swali la uraia halikusimama mlangoni: aliyefiwa alikuwa aliyefiwa. Lakini haki ya kudai mahakamani ilikwenda njia nyingine. Sheria ya Marekani ya Januari 2008 iliwapa haki ya kuishtaki dola iliyowasaidia magaidi raia wa Marekani, askari wake, na watu wa taifa lo lote waliokuwa waajiriwa au watu wa mkataba wa serikali ile, wakiwa kazini. Ndipo tuonapo faida ya lile neno mkataba: bila ya hilo, mlinzi wa kampuni angekuwa nje. Mama muuza matunda wa Nairobi, au kijana aliyekuwa ndani ya basi lililopita, wao walibaki nje, kwa kuwa hawakuajiriwa na mtu aliyekusudiwa na bomu.

Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, ikatoa hukumu tarehe 18 Mei 2020. Kabla mwaka huo haujaisha Sudan, iliyokuwa imewapa makao wakuu wa Al Qaida katika miaka ya 1990, ilikubali kutoa dola milioni 335 kwa ajili ya milipuko hiyo na mashambulio mengine. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba katika mgawanyo uliopangwa, mfanyakazi aliyekufa akiwa raia wa Marekani angehesabiwa dola milioni 10, na mwenzake aliyekufa akiwa raia wa nchi ya Kiafrika dola 800,000. Waliokuwa Waafrika mwaka 1998 na kisha wakapata uraia wa Marekani walilalamika, na katika Desemba 2020 Bunge likaongeza dola milioni 150 kwa ajili yao. Nilipomweleza mzee mmoja wa Manzese kwamba fedha zile zilikuwa za raia, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye alifahamu kwamba askari hawamo. Ilinichukua muda kumweleza raia wa wapi.

Sasa nifike kwenye neno mtoto, ambalo ndilo lililonifanya niandike, na nilieleze kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2006, kabla sijakwenda ng'ambo kwa masomo ya uzamivu, jirani yetu wa Manzese aliniletea fomu ya Kiingereza. Ilitoka kwa mfuko mmoja wa watu wa nje, ambao sitautaja, uliowasomesha watoto wa waliouawa katika mashambulio ya namna hii. Mdogo wake, aliyekuwa fundi cherehani Nairobi, alikufa katika mlipuko wa mwaka 1998. Jirani yangu alikuwa na binti wa miaka kumi na sita. Mdogo mtu, alipokuwa hai, ndiye aliyekuwa akimlipia binti huyo ada ya shule ya msingi, ambayo katika miaka ile ilikuwa bado ikitozwa, na sare, na madaftari. "Mwalimu," aliniambia, kwa maana alikwisha kuniita mwalimu kabla sijafundisha popote, "nifanyie Kiswahili ili mtoto asome mwenyewe ajibu mwenyewe." Nikafanya. Swali la nne nililiandika hivi: "Je, wewe ni mtoto wa marehemu?"

Binti akajibu ndiyo. Naye hakusema uongo. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za Manzese na Temeke, ndugu wa kiume wa baba ni baba, akiwa mkubwa au mdogo, na mtoto wa kaka ni mtoto. Hakuna jina jingine la kumwita. Mtoto wa dada ana jina lake, naye ni mpwa. Lakini kwa mtoto wa kaka lugha yenyewe haikutenga nafasi, kwa sababu haikuona haja ya kumtenga. Siku ya mahojiano karani akamwuliza, "Baba yako yuko wapi?" Binti akajibu kwamba baba yake yuko nje, amemsindikiza. Karani akaandika kwamba mwombaji amedanganya. Jina lake likafutwa, na kwa jinsi nilivyosikia, likawekwa alama asije akaomba tena.

Lawama ya kwanza ni yangu. Fomu ya Kiingereza ilitumia neno lenye kubana, lenye maana ya aliyezaliwa na marehemu au aliyepangwa na mahakama kuwa mwanawe. Mimi nikaliweka neno lenye upana wa ukoo, kwa kuwa ndilo la kwanza lililonijia ulimini, na kwa kuwa kamusi iliniruhusu. Lakini yafaa kutazama upande wa pili pia. Fomu ile ile, katika maelezo ya mwanzo, ilisema kwamba lengo la mfuko ni kumrudishia mtoto masomo aliyokuwa akiyapata kwa mkono wa marehemu. Kwa lengo hilo binti yule alistahili; kwa sharti lile hakustahili. Neno la Kiswahili lilikuwa karibu na lengo kuliko neno la Kiingereza lililokuwa katika sharti.

Huenda msomaji akasema ningetumia mtegemezi. Neno hilo sasa limo katika sheria zetu za fidia za kazini na katika karatasi za bima, na kwa mwanasheria latosha. Lakini neno halikai peke yake. Taifa hili lilifundishwa tangu mwaka 1967, kwa Azimio la Arusha na kwa Elimu ya Kujitegemea, kwamba kutegemea ni aibu na kujitegemea ni heshima. Mwulize kijana wa Manzese kama yeye ni mtegemezi, naye atakuambia hapana, hata kama tangu asubuhi hajala ila kwa fedha ya dada yake. Nimeona katika fomu za watu wazima kisanduku cha mtegemezi kikiachwa kitupu na wale wale kiliowekewa.

Nalo neno yatima lina mtego wake. Katika fikihi yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Akibaleghe uyatima umekwisha, na aliyefiwa na mama peke yake haingii katika jina hilo. Katika usemi wa kawaida wa leo, yatima ni aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwaweka yatima katika wahitaji, nayo hutaka cheti cha kifo cha mzazi kilichothibitishwa na RITA, au na mamlaka ya Zanzibar kwa watu wa huko. Na mwombaji wa Bodi kwa kawaida amekwisha kubaleghe miaka mingi. Hivyo kijana wa miaka ishirini na miwili ni yatima mbele ya Bodi, wala si yatima mbele ya shekhe wa mtaa. Sisemi nani ana haki. Nasema tu kwamba mfuko wa kumbukumbu unaoandika yatima bila maelezo umeandika masharti mawili kwa neno moja, na aliyefiwa na mama yake katika mlipuko ataingia au kutoka kulingana na msomaji wa fomu. Zamani kulikuwa na neno mkiwa, la Kibantu, lililomchukua kila aliyeachwa peke yake pasipo kuuliza ni mzazi gani aliyekufa, wala umri. Leo laonekana katika mashairi zaidi kuliko katika ofisi.

Jambo jingine lililonishughulisha ni mtoto aliyekuwa bado tumboni. Aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka 1999 baada ya babake kuuawa Agosti 1998 alifika miaka kumi na minane mwaka 2017. Akiwa mamake na babake waliishi pamoja bila cheti, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaweza kuwadhania kuwa wana ndoa, ikiwa walikaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo na watu. Lakini dhana hiyo hupelekwa mahakamani, na cheti cha kuzaliwa huombwa kwa karani. Mwanamke wa chumba kimoja cha kupanga, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, haendi mahakamani kuthibitisha kile ambacho wapangaji wote watano walikuwa wakikiona kila asubuhi. Nafasi ya jina la baba hubaki tupu, na miaka kumi na minane baadaye nafasi ile tupu husomwa kwamba baba hakuwapo.

Nakala ya tafsiri yangu ya mwaka 2006 ningali nayo. Katika swali la nne nimelikata neno mtoto kwa kalamu nyekundu, na juu yake nimeandika: "aliyezaliwa na marehemu, au aliyekuwa akisomeshwa kwa mali yake". Najua kwamba nusu ya pili ya sentensi hiyo si tafsiri. Hapo nimevuka mpaka wa mtafsiri na kuwa mtunga masharti, na mwenye mfuko angekuwa na haki ya kukataa. Lakini angelikataa kwa macho, baada ya kuulizwa. Masahihisho hayo niliyaandika mwaka 2007, nikijifungia mizigo ya safari. Binti alikuwa amekwisha kuanza kujifunza cherehani.